Kioo hakizunguki, hatua zinadanganya: kutafuta ubovu wa akselerometa ya simu

Simu ikigoma kuzungusha kioo, wa kwanza kulaumiwa huwa sensa. Mwenye simu anasema sensa imekufa, fundi anaitikia, na kabla ya jua kuzama simu imeshafunguliwa. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Akselerometa, ile chipu inayopima mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika, ni miongoni mwa vipuri sugu kuliko vyote ndani ya simu. Tena ina jambo ambalo kamera na spika hazina: unaweza kuipima ukiwa umekaa, bila kifaa chochote, kwa sababu kitu cha kuilinganisha nacho kipo kila mahali saa zote, nacho ni uvutano wa dunia. Fundi anayeanza na bisibisi kabla ya kusoma namba anabahatisha kwa gharama yako.

Chipu yenyewe inafanya nini

Ndani ya chipu hiyo, ambayo upana wake ni milimita chache tu, kuna kipande cha silikoni kilichoning'inizwa kwa springi nyembamba za silikoni hiyohiyo. Pembeni kimechongwa meno yanayopishana na meno mengine yaliyoshikizwa kwenye mwili wa chipu. Simu ikisukumwa, kipande hicho hubaki nyuma kidogo, kama abiria aliyesimama kwenye daladala linapoondoka ghafla. Nafasi kati ya meno hubadilika, uwezo wa meno hayo kuhifadhi umeme hubadilika nayo, na saketi ya jirani hugeuza badiliko hilo kuwa namba. Vipimo ni vitatu: X inaelekea kulia kwa kioo, Y inaelekea juu upande wa spika ya sikioni, na Z inatoka kwenye kioo kuja usoni kwako.

Linalowachanganya wengi ni hili: simu iliyotulia mezani haisomi sifuri. Inasoma karibu 9.8, kwa kipimo cha mita kwa sekunde kwa sekunde, kwa sababu meza inaizuia isianguke na springi zinaubeba uzito wa kile kipande muda wote. Sifuri utaiona simu ikiwa hewani inadondoka. Ndiyo maana tangu 2003 kompyuta za ThinkPad za IBM zilikuwa na akselerometa iliyosimamisha diski mara kompyuta ilipotikiswa vibaya au kuanza kuanguka.

Kwanza pata namba

Samsung nyingi hufungua ukurasa wa majaribio ukipiga *#0*#, kisha ukachagua sehemu ya vihisi, yaani sensa. Xiaomi hutumia *#*#6484#*#*. Simu nyingi zenye prosesa ya MediaTek, zikiwemo Tecno na Infinix kadhaa, hufungua menyu ya mafundi kwa *#*#3646633#*#*, ingawa baadhi ya matoleo mapya yameifunga njia hiyo. Kama hakuna kinachokubali, pakua phyphox, programu ya bure iliyotengenezwa na chuo kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani. Inapatikana kwa Android na iPhone. Ukiwa humo chagua mchapuko wenye g, yaani ule unaohesabu na uvutano wa dunia. Ukichagua ule usio na g, simu iliyotulia itasoma sifuri, nawe utatangaza msiba usiokuwepo.

Laza simu mezani, kioo juu. Z isome karibu na +9.8, X na Y ziwe jirani na sifuri. Isimamishe wima: sasa Y ndiyo ichukue 9.8. Ilaze kwa ubavu wake wa kushoto: X ichukue. Programu nyingine huandika kwa g, hivyo utaona 1 badala ya 9.8, na kwenye baadhi ya programu za iPhone alama ya kujumlisha na kutoa hugeuka. Hayo si magonjwa. Wala usikose usingizi kwa kuona 9.78 wakati kitabu cha fizikia kinasema 9.81. Karibu na ikweta uvutano ni huo wa 9.78, na kwenye ncha za dunia unafika 9.83.

Sasa angalia tarakimu ya mwisho. Kwenye chipu nzima haitulii. Inachezacheza hata ukiondoka chumbani, kwa sababu hakuna kihisi kisicho na kelele. Namba isiyotetemeka hata kidogo, kwa mfano 4.21 dakika nzima huku ukiigeuza simu, haipimi kitu. Imeganda.

Kutokana na hapo njia zinagawanyika. Namba zikibadilika sawasawa na zikaangukia 9.8 kila upande, chipu ni nzima na ubovu uko kwenye mipangilio au programu. Zikibadilika vizuri lakini zimehama kidogo, ni suala la kuisawazisha. Upande mmoja ukiganda na mingine miwili ikifanya kazi, shuku chipu yenyewe: kile kipande cha silikoni kinaweza kunasa kwenye kingo zake baada ya kishindo kikali. Na simu ikisema haina kihisi kabisa, shuku programu ya mfumo au nyaya za data kwenye bodi, kwa utaratibu huo.

Kioo hakizunguki

Kama namba ni nzuri, anza na vitu vya kuaibisha. Kitufe cha kuzungusha kioo kwenye menyu ya kushusha kimezimwa, au kwenye iPhone kile chenye alama ya kufuli na mshale wa duara kimewashwa. Kuna programu zisizozunguka kabisa kwa makusudi ya waliozitengeneza, na ukurasa wa mwanzo wa simu nyingi ni hivyo hivyo. Jaribu kwa picha au video, si kwa ukurasa wa mwanzo.

Kuna wanaolaza simu bapa mezani na kuizungusha, halafu wanasema imeharibika. Ikiwa bapa, uvutano wote uko kwenye Z. X na Y ni sifuri kwa namna yoyote utakayoizungusha. Akselerometa haina habari ya kukupa hapo. Inua simu kidogo iwe mshazari ndipo ujaribu. Na ukiwa umelala ubavu kitandani, kioo kinapokugeukia vibaya ujue simu iko sahihi: inajua chini ni wapi, haijui kichwa chako kimeelekea wapi.

Sababu moja inawashinda hata mafundi. Tangu Android 10 kuna kitufe kinachowezeshwa kwenye chaguo za wasanidi, yaani mipangilio ya watengenezaji wa programu, ambacho huzima vihisi vyote kwa mpigo. Mtu akikigusa kwa bahati mbaya, kioo hakizunguki, hatua hazihesabiki, kamera inagoma na maikrofoni haichukui sauti, vyote siku moja. Dalili nyingi namna hiyo zikija pamoja ghafla, bila simu kuanguka wala kulowa, tafuta alama ndogo ya vihisi kuzimwa juu ya kioo kabla ya kumpa mtu hela yako.

Kisha washa simu katika hali salama, ile inayozima programu zote ulizopakua. Kioo kikizunguka humo, kuna programu iliyokifunga: mara nyingi ni ya kusoma vitabu, ya video, au moja ya zile zinazojidai kuokoa chaji.

Kioo kinazunguka chenyewe, au gari la mchezo linavutia upande mmoja

Hapa namba inakuwa imehama. Kila akselerometa ya simu hutoka kiwandani na kosa dogo la sifuri. Mfano mzuri ni ADXL345 ya Analog Devices: karatasi yake ya maelezo inataja kosa la kawaida la karibu 0.04 g. Kwa pembe, 0.04 g ni nyuzi mbili na kitu. Haikuzuii kutazama video, lakini ukitumia simu kama pimamaji ya kuweka fremu ya mlango, utaona mlango umekaa upande.

Kulitambua kosa hilo si lazima uwe na meza iliyonyooka, na hapa ndipo wengi wanapotea, maana meza zetu nyingi hazijanyooka. Laza simu, soma X. Kisha izungushe nusu duara palepale, bila kuiinua, usome tena. Tuseme mwanzo ilisoma +0.30 na baadaye −0.10. Mwinamo wa meza hugeuka alama unapogeuza simu. Kosa la chipu haligeuki. Jumlisha namba mbili, gawa kwa mbili: +0.10, na hilo ndilo kosa la chipu. Toa ya pili kutoka kwa ya kwanza, gawa kwa mbili: 0.20, na huo ndio mwinamo wa meza, nyuzi moja na kidogo. Kwa Z fanya kioo juu kisha kioo chini. Ukipata 9.95 na −9.61, kosa ni 0.17 na ukubwa wa kipimo ni 9.78, safi kabisa.

Kama umekwisha kujua meza ina mwinamo gani, ndipo uingie kwenye menyu ya mafundi na kusawazisha. Ukisawazisha juu ya meza iliyoinama, unaiambia simu kwamba mwinamo huo ndio sifuri, na kila kitu kitapinda kuanzia siku hiyo. Michezo mingi ya magari ina usawazishaji wake ndani ya mipangilio ya mchezo. Tumia huo kwanza, hauharibu kitu.

Kuizungusha simu hewani kwa umbo la namba nane, tiba inayosambazwa kwa kila ugonjwa, hakusaidii hapa. Zoezi hilo ni la dira.

Dira na kibla vinaelekeza kusikojulikana

Hili karibu kila mara si la akselerometa. Mwelekeo wa kaskazini unatoka kwenye kihisi kingine, magnetomita, na adui yake ni sumaku: kava la kufunga kwa sumaku, kishikio cha simu cha kwenye gari, spika, nondo ndani ya zege. Akselerometa inasaidia tu kujua simu imeinama kiasi gani ili hesabu ya dira isipotoke. Kwa hiyo kama kibla kiko sawa simu ikiwa bapa lakini kinahama ukiiinamisha, hapo ndipo urudi kwenye kipimo cha mezani. Vinginevyo vua kava, sogea mbali na gari na nguzo, kisha ndiyo, chora hiyo namba nane.

Ndugu wa tatu ni jairoskopu, inayopima kasi ya kuzunguka. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Ukifungua video ya pande zote na picha haifuati mkono wako ilhali kioo kinazunguka vizuri, hakuna kilichoharibika, hukununua jairoskopu.

Hatua haziongezeki, au zinaongezeka ukiwa umekaa

Hatua si kitu kinachopimwa moja kwa moja. Simu inatafuta mdundo: kupanda na kushuka kwa mchapuko takriban mara mbili kwa sekunde, tena mfululizo. Ndiyo maana hatua chache za mwanzo huweza kuchelewa kuonekana, na ukitembea jikoni hatua tatu-tatu nyingine hazihesabiwi kabisa. Simu iliyo ndani ya mkoba mzito inasikia mdundo hafifu. Saa ya mkononi haioni kitu ukiwa umeshika mpini wa toroli, kwa sababu mkono haupungi.

Hesabu ikisimama kabisa, sababu kubwa mbili ni ruhusa na betri. Kuanzia Android 10 programu inahitaji ruhusa ya shughuli za mwili. Kwenye iPhone ni ruhusa ya mwendo na siha. Bila hiyo inabaki sifuri bila kulalamika. Na simu nyingi zinazouzwa kwetu zina mfumo mkali wa kuua programu zinazofanya kazi nyuma; iruhusu programu ya hatua isizuiwe na kiokoa chaji. Pia, kihesabio cha Android huanza upya simu inapozimwa na kuwashwa, na programu iliyoandikwa ovyo hupoteza hatua za asubuhi kwa sababu hiyo.

Hatua zikiongezeka umekaa, fikiria umekalia nini. Pikipiki kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi hutoa mdundo ambao programu dhaifu huuona kama matembezi. Hata sauti inaweza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na cha South Carolina walionyesha kwamba spika ya dola tano, ikipiga toni iliyolingana na mtetemo wa asili wa kile kipande cha silikoni, iliweza kuiandikia Fitbit maelfu ya hatua ambazo hakuna aliyezitembea. Kwa kawaida sherehe ya jirani haitakupandishia hatua, lakini usiwashangae wanaoweka saa juu ya spika.

Ilianza baada ya kutoka kwa fundi

Dalili hii ina thamani kuliko zote, kwa hiyo uliza vizuri kilichofanyika.

Kama simu ililowa na ikaoshwa kwenye mashine ya altrasoniki, hapo una mshukiwa. Watengenezaji wa vihisi vya aina hii huonya wazi kwamba bodi yenye vihisi hivyo isiingizwe kwenye mashine hiyo, kwa sababu mtetemo wake unaweza kuvunja springi zilezile. Chipu inayostahimili kishindo cha 10,000 g, ambacho ni kiwango kinachotajwa kwa ADXL345, inaweza kuuawa na beseni la maji linalovuma. Brashi laini na spiriti ya kusafishia bodi vingetosha.

Kama alitumia blowa ya hewa moto karibu na chipu, sifuri inaweza kuhama. Joto na risasi ya kuchomelea huacha mkazo kwenye kifuko cha chipu, na mkazo huo huivuta ile silikoni ndani. Kosa la namna hii linasawazishika likiwa dogo.

Kama simu iliflashiwa, yaani iliwekewa programu ya mfumo upya, na vihisi vyote vikapotea kwa mpigo, usiruhusu bodi iguswe. Kwenye simu nyingi zenye prosesa ya Qualcomm, hasa Xiaomi, kuna sehemu ya kumbukumbu iitwayo persist inayohifadhi data za usawazishaji wa vihisi. Ikifutwa, kioo hakizunguki, mwanga haujirekebishi, na kioo hakizimiki ukiweka simu sikioni. Dawa ni kuirudisha sehemu hiyo kutoka kwenye nakala ya simu hiyohiyo, au faili la toleo halisi la modeli hiyo. Fundi mzuri huchukua nakala kabla ya kuflashi. Muulize kabla, si baada.

Vihisi vikipotea vyote bila kuflashi, na simu iliwahi kulowa, kumbuka kwamba mara nyingi vinatumia nyaya za data za pamoja. Kimoja kikipiga shoti, vingine vinanyamaza. Kubadilisha akselerometa peke yake hapo ni kutupa pesa.

Simu inayokaa kwenye usukani wa bodaboda

Mwezi Septemba 2021 Apple ilitoa onyo kwamba mtetemo wa injini kubwa za pikipiki unaweza kudhoofisha kamera za iPhone zenye kutuliza picha kwa lenzi inayosogea. Kinachoumia ni mfumo wa kamera, si akselerometa. Lakini dalili zinafanana machoni pa mteja: picha zinatetemeka, kamera inatafuta fokasi bila kuipata, na mtu anasema sensa. Pima mezani. Zikitoka 9.8 safi, ubovu uko kwenye lenzi. Injini ndogo za bodaboda zina mtetemo mdogo kuliko hizo, ila simu inashinda hapo kutwa nzima. Kishikio chenye mpira wa kunyonya mtetemo ni rahisi kuliko kamera mpya.

Kifuatiliaji cha gari kinasema dereva anafunga breki ovyo

Hapa akselerometa inashtaki watu, hivyo iangalie kwa makini. Kifaa kilichofungwa kwa gundi inayolegea, au kilichoning'inizwa kwenye nyaya nyuma ya dashibodi, kitahesabu kila shimo la barabarani kama breki kali. Kikipinda nyuzi moja tu, sehemu ya uvutano inayoingia kwenye mstari wa mwendo ni 0.17, na kwenye mteremko wa Sekenke au Kitonga hali inazidi. Kabla ya kumkata dereva posho, linganisha muda wa tukio na kasi iliyorekodiwa na GPS. Kasi isiyoshuka maana yake hapakuwa na breki, palikuwa na shimo.

Na asikudanganye mtu kwamba kifaa kinaweza kukupa kasi kwa akselerometa peke yake. Kosa dogo la 0.2, likijumlishwa kwa dakika moja, linazaa mita 12 kwa sekunde: gari limeegeshwa, kifaa kinasema linakwenda kilomita 43 kwa saa.

Kutambua ajali ni kazi ngumu vilevile. iPhone 14 ilikuja 2022 na akselerometa inayopima hadi 256 g kwa ajili hiyo, na miezi ya mwanzo tu simu zikawa zinapigia polisi wa Marekani zenyewe zikiwa mifukoni mwa watu wanaoteleza thelujini au waliopanda rola kosta.

Kwa wanaojenga vya kwao kwa MPU-6050

Modyuli hii yenye akselerometa na jairoskopu imejaa kwenye karakana za vyuo, na matatizo yake yanajirudia. Ikisoma sifuri kila upande, imelala. Kila inapopewa umeme huanza ikiwa usingizini, na hubaki hivyo mpaka uandike 0 kwenye rejista 0x6B, yaani kisanduku cha kumbukumbu chenye namba hiyo ndani ya chipu. Ikirudisha −1 kila mahali, kompyuta ndogo haipati jibu: SDA na SCL, nyaya zake mbili za mawasiliano, zimebadilishana, au pini hazijachomelewa bali zimechomekwa tu. Anwani yake ni 0x68, na huwa 0x69 pini ya AD0 ikipewa umeme. Ukiona 16384 usishtuke, hiyo ni 1 g kwa kipimo cha chini kabisa cha ±2 g. Ikigota 32767 mtikisiko umezidi kipimo, panda hadi ±8 au ±16. Na ukisoma rejista 0x75 ukapata 0x70 badala ya 0x68, umeuziwa MPU-6500. Inafanya kazi, ila maktaba ya programu inayodai 0x68 itakataa kuanza mpaka ubadilishe mstari huo.